Nyota Moja ya Onalenna

"Mma, hivi kweli mtu mzima anakaa siku nzima anacheza michezo ya simu, halafu anasema yuko kazini?"

Swali hilo Onalenna aliulizwa na MmaGorata, yaani mama Gorata, jirani yake aliyekuwa akifua upande wa pili wa ua. Alicheka. Angeanzia wapi kumweleza? Siku za kawaida yeye ni fundi wa simu, ana kibanda karibu na stendi ya mabasi hapa Francistown, Botswana, na Jumapili anaimba sauti ya pili kanisani. Ila mara moja kwa mwaka huingia mashindano ya kutengeneza michezo ya simu. Washiriki hupewa neno moja, na kwa siku mbili kila mmoja hutengeneza mchezo unaotokana na neno hilo. Baada ya hapo hupimana wenyewe kwa wenyewe. Kila mtu hupangiwa michezo kumi ya wenzake aicheze, kila mmoja nusu saa, aupe nyota kuanzia moja hadi tano, na aandike maneno ya kumsaidia aliyeutengeneza. Asiyetimiza kumi, mchezo wake mwenyewe hutolewa mashindanoni.

"Kumbe wewe ni hakimu!" MmaGorata alisema. "Basi nipimie na mume wangu."

"Yule? Nyota mbili hafiki, Mma."

Onalenna alikuwa na utaratibu wake. Aliandika kwanza kilichomfurahisha, halafu mahali kidole chake kilipokwama, halafu angependa mwenzake ajaribu nini. Neno "mbaya" hakuliandika kamwe, maana alijua linavyouma. Mwaka uliotangulia Moagi, mshiriki mwenzake mwenye duka la dawa za mifugo, aliandika chini ya mchezo wa Onalenna: "Hata mbuzi wangu angeuacha huu." Onalenna alilia, kisha akamwombea Moagi kwa Mungu, ingawa sala yenyewe ilikuwa fupi.

Safari hii neno lilikuwa "kilichopotea". Onalenna alitengeneza mchezo wa bibi anayeitafuta miwani yake nyumba nzima, na watu waliupenda mno. Michezo mitatu ya kwanza ingepelekwa Gaborone, ikaonyeshwe kwa watu wenye kazi za kutoa. Fundi wa kibandani mwenye miaka arobaini na mmoja hafunguliwi mlango kama huo kila siku.

Jumamosi alasiri alibakiwa na mchezo mmoja, nao ulikuwa wa Moagi. Aliufungua pale pale kibandani, makondakta wakiita abiria nje, na akazima sauti kama alivyozoea akiwa na wateja. Kioo kikawa cheusi. Akapeleka kidole kulia, akapeleka kushoto, weusi mtupu. Juu paliandikwa: "Watafute ng'ombe." Wako wapi? Alivumilia nusu saa yake yote. Akatafuta la kusifu, hakulipata. Akatoa nyota moja na kuandika: "Ni giza tu. Sijaona ng'ombe hata mmoja." Alipotuma, Mungu ndiye shahidi, alisikia utamu kidogo moyoni.

Kesho yake asubuhi alikuwa njiani kwenda ibada, amevaa sare ya kwaya, aliposikia kengele ya ng'ombe nyuma ya ua wa miiba. Ng'ombe mwenyewe hakumwona. Lakini alijua yuko kushoto, hatua kumi hivi, na anatembea.

Alisimama hapo hapo. Akatoa simu kwenye mkoba, akavaa spika za masikioni, akaufungua tena mchezo wa Moagi. Giza lile lile, ila sasa kengele ililia mbali, upande wa kulia. Akaifuata kwa kidole. Ikasogea, ikaja hadi sikioni, na kutoka kwenye giza akatokea ng'ombe mwenye madoa, akamtazama kama aliyekuwa akimngoja. Chini kabisa ya kioo palikuwa na maandishi madogo ambayo jana aliyaruka: "Vaa spika za masikioni."

"Ee Bwana," alisema, "nimefanya nini?"

Alama zilikuwa zinafungwa saa nne asubuhi. Ibada aliiacha, akaenda mbio kwenye ukumbi wa mashindano.

Rra Selebogo, msimamizi wa mashindano, alikuwa mezani kwake, na orodha imebandikwa ukutani. Bibi na miwani yake alikuwa wa tatu, ng'ombe wa nne. Moagi alisimama mbele ya orodha hiyo, mikono kifuani.

"Dumela, Mma. Umekuja kuangalia kaburi langu?"

"Moagi, nisikilize..."

"Nilikutukana mwaka jana, sikatai. Naona umenirudishia na nyongeza."

"Niliucheza bila sauti."

Moagi alimkodolea macho. "Mchezo wa kengele, Mma? Bila sauti? Si bora ungekula nyama ya seswaa kwa kuinusa!"

"Jamani, hili ni dogo," Rra Selebogo alidakia. "Dakika kumi bado. Ninaweza kubadilisha mimi mwenyewe. Niweke ngapi, Mma? Tano?"

Onalenna alitazama saa ya ukutani. Tano kwa ng'ombe mmoja aliyemwona? Ile moja aliitoa kwa haraka na kinyongo, na hii tano angeitoa kwa aibu. Nusu saa ya kuucheza upya haikuwepo, na hata ingekuwepo, angeuchezaje kwa haki huku Moagi amesimama anamtazama hivyo?

"Na ukiifuta?" aliuliza.

Rra Selebogo alishusha sauti. "Nikiifuta, nitampa mtu mwingine acheze, natangaza saa nane. Lakini wewe utabaki na tisa, Mma. Bibi yako anatoka. Niambie nambari tu, yaishe."

Mshale wa saa ulisogea. Onalenna alitoa spika zake za masikioni mkobani, akaziweka mezani.

"Rra, naomba uifute nyota yangu. Umpe mchezo huu mtu asiyejua ugomvi wetu, na umwambie avae hizi."