Magharibi Tuliyomfuata Imamu wa Ng'ambo

Nacheka sasa, lakini siku ile ningepata shimo ningeingia, na aibu yenyewe niliipata ndani ya msikiti, mbele ya mtaa mzima wa hapa Ibra, Uarabuni.

Msikiti wetu tulipokuja kutoka Unguja ulikuwa kijumba cha udongo, safu tatu zikijaa basi. Halafu watu wakaongezeka, kila mwaka familia mpya, vijana wanaoa, wanazaa, mpaka Ijumaa wanaume wakawa wanasali nje juani juu ya mikeka, na sie wanawake tukibaki majumbani. Ikaundwa kamati, msikiti ukavunjwa, ukajengwa mkubwa wenye mnara. Mie nikamwambia shemeji yangu Hamedi, mkuu wa kamati, "Mnara mmepata, na sie tupeni pa kusalia." Tulibishana muda mrefu (mie si mtu wa kunyamaza), mwisho akakubali ukumbi nyuma ya ua, lakini akanionya: "Bi Salma, vurugu moja tu, nafunga mlango, tunaweka madrasa."

Siku ya kufungua tukapika wali na nyama, vyungu tukavipanga uani ili wanaume wakitoka sala ya magharibi tuwapakulie. Mie nikataka ukumbi unukie udi. Nilikuwa na chetezo cha umeme alichoniletea binti yangu kutoka Maskati, lakini ukutani palikuwa na tundu moja tu la umeme, na lina waya mweusi. Jirani yangu Zuwena akaniuliza, "Bibi, huo waya wa nini?" Nikamjibu, "Wa feni, tutakufa kwa joto la dakika mbili?" Nikauchomoa.

Kumbe wa spika ya kutuletea sauti ya imamu.

Adhana tuliisikia mnarani, tukapanga safu, mie katikati mbele kama mkubwa wao, tukangoja. Kimya. Tukangoja tena, mara dirishani ikaja ikama ya kuanza sala, sauti nzuri, mbali kidogo (nikajiambia spika za siku hizi ndivyo zilivyo), nikafunga sala, na wenzangu wote nyuma yangu. Kumbe wetu wameshaanza zamani, huyu ni imamu wa msikiti wa ng'ambo ya wadi, lile bonde la mto mkavu!

Wanaume wametoka, wanaona vyungu, wapakuaji hawapo. Hamedi akaja mlangoni, akachungulia pazia, akatuona ndo kwanza tumekaa tahiyatu ya mwisho, akashangaa kwa sauti: "Subhanallah! Subhanallah!"

Sasa nyie mnajua, imamu akikosea, maamuma wanaume, wanaomfuata nyuma, humzindua kwa neno hilo hilo. Mie nikasema moyoni, imamu kakaa kabla ya wakati. Nikasimama. Na safu nzima ikasimama nami, rakaa ya nne ya magharibi, sala ya rakaa tatu! Tumesimama hivo, dirishani: "Assalaamu alaykum warahmatullah." Wengine wakakaa, wengine wakabaki wima, Zuwena akaanza kutikisika kwa kicheko, na kicheko ndani ya sala hakizuiliki, kikapita kwa kila mtu kama moto wa makuti.

"Bi Salma," Hamedi akaita, "magharibi yenu ina rakaa ngapi?"

"Muulize imamu!"

"Imamu gani? Imamu huyu hapa nje anangoja wali!"

Uani wakacheka mpaka wazee. Hamedi hakucheka. "Nilisema mie. Kesho hapa madrasa." Nikawaangalia wenzangu, wengine ndo mara yao ya kwanza kusali msikitini. Nikatoka. "Waya nimechomoa mie. Nifungie mlango mie, wao waache."

Imamu wetu, kijana mpole, alikuwa kashika kilemba kisianguke kwa kucheka. Akasema, "Shekhe Hamedi, watu wametafuta sala ya jamaa mpaka ng'ambo ya wadi, sie tuwafukuze? Kosa la ukuta huu, hawatuoni. Utobolewe. Na nyie mama zangu, rudieni sala, sie tutangoja."

Wakangoja kweli, njaa inawauma, wali unapoa, na kesho yake Hamedi akatobolesha ukuta, likawekwa dirisha la vijiti. Leo safu zetu hazitoshi, wanaomba ukumbi uongezwe.

Mie waya wa msikiti siugusi tena, hata ukitoa moshi nitamwita Hamedi. Na safu ya mbele nimewaachia wengine, maana mtu mzima akitangulia hufuatwa hata akipotea, na hakuna atakayemvuta nguo kumwambia.