Maziwa Niliyoyamwaga Nyuma ya Mashine

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu aibu inanipata upya kana kwamba ni jana. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya chumba cha mashine ya kusaga, hapa hapa Sumbawanga, vifungo vya gauni viko wazi, nakamua maziwa yangu mwenyewe na kuyamwaga kwenye rundo la jivu. Na miguuni pangu nimesimamisha chupa tupu, namsubiri mama muuza maziwa apite nimnunulie mtoto wangu mchanga ya ng'ombe.

Nakusimulia haya kwa sababu likizo yako ya uzazi inakwisha, na jana nilikuona unavyomwangalia huyo mtoto kama mtu anayesafiri kesho. Kaa hapo kwenye kigoda. Maharage yako motoni lakini hayana haraka.

Ilikuwa miaka ile tuliyoiita ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika la umma, akateremka Kasanga ziwani kutafuta riziki kwenye mizigo ya boti za Zambia na Kongo. Nyumbani tulikuwa tunamwona mara moja kwa mwezi, akija na samaki wakavu begani na ahadi nyingi. Mimi nilibaki na mama yake, aliyepanda kutoka Ilemba bondeni kuja kunisaidia kulea, na Yustina, mtoto wetu wa kwanza, aliyekuwa na miezi mitatu. Mjini kila mwenye uwezo alikuwa anafungua kitu chake. Huyu mitumba, yule mgahawa, mwingine ananunua mahindi kwa lori. Mzee mmoja wa parokia yetu akaleta mashine ya kusaga ya dizeli, akaniajiri kupokea madebe na kupanga foleni. Alisema nimesoma hadi darasa la saba na nina sauti. Sauti ninayo mpaka leo, unaijua.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mama mkwe alikuwa anamleta Yustina mashineni saa sita mchana, nanyonyesha kwenye benchi la nyuma, kisha anambeba kumrudisha. Sasa siku moja akakaa pale kwenye benchi akanisubiri, na mashine ikiwa inaunguruma akasikia sakafu inatetemeka chini ya nyayo zake. Akatazama miguu yake, akatazama kifua changu. Jioni ile Yustina akalia na tumbo, kama watoto wachanga wanavyolia siku nyingine bila sababu ya kueleweka, na mama mkwe akapata jibu lake.

"Mashine inakutikisa kutwa nzima," akaniambia. "Maziwa yamo humo ndani yanasukwa kama kwenye kibuyu. Unampa mtoto maziwa yaliyoganda."

Ukicheka hapo sikulaumu. Lakini mama mkwe alikuwa amelea watoto wanane, na mimi nilikuwa na mmoja. Akatoa amri yake. Maziwa ya kazini yasimguse mtoto. Mchana nikamue nimwage, tena kwenye jivu, si njiani wanakopita siafu, eti wakiyala titi linakauka. Jioni nikifika nyumbani nikamue tena, nimwage yale ya mwisho yaliyotikiswa, ndipo mtoto apewe titi. Mchana mtoto atakunywa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, na uji mwepesi wa ulezi.

Nataka uelewe jambo moja. Mimi sikuamini. Nilikuwa nayaona maziwa yangu yanavyotoka, meupe, mepesi, hayana bonge hata moja. Ila niliogopa kumbishia mama wa mume wangu ndani ya nyumba ambayo mume hayupo. Nikajiambia kunyamaza ndiyo heshima. Basi nikanyamaza, nikamwaga.

Haikuchukua muda. Yustina akawa anashiba ya ng'ombe na uji, akinifikia jioni ananyonya kidogo tu, analala. Na matiti nayo, yalipoona hayaulizwi, yakaanza kulegea. Zamani ilikuwa ikifika saa nne gauni limelowa mpaka natafuta khanga ya kujifunika mbele ya wateja. Baada ya wiki chache nakamua mchana kwa kuvuta na kuumia, na kinachotoka hakilowanishi hata jivu. Mtoto akaanza kuharisha. Kliniki akapimwa uzito, mstari wa kwenye kadi ukashuka kutoka kwenye rangi ya kijani ukaingia kwenye kijivu, na nesi akaniuliza nampa nini. Nikadanganya kwamba nanyonyesha.

Njiani kurudi nyumbani mama mkwe akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Maziwa yako yanakauka, mwanangu. Usijisumbue. Mwisho wa mwezi nitashuka naye Ilemba, huko kuna hewa ya joto, nitamlea kwa uji mpaka akue. Wewe fanya kazi."

Alisema kwa wema. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Mtoto wa miezi minne angeteremshwa kule bondeni, mimi ningebaki na mashine, na tukionana ni sikukuu. Na kuacha kazi nisingeweza, maana ndiyo iliyokuwa inatulisha wote watatu. Nilitembea nyuma yake nikiangalia kisogo cha mwanangu mgongoni pake, machozi yananitoka na upepo unayakausha. Unaujua upepo wa huku kwetu mwezi wa sita.

Sasa ndiyo tumefika kwenye siku ile ya jivu.

Mama wa maziwa tulikuwa tunamwita Mama Masanja. Alikuwa Msukuma, yeye na mumewe walikuja na ng'ombe wao kutoka Shinyanga kwa miguu, wakaweka boma nje kidogo ya mji. Kila siku alipita na ndoo ya maziwa kichwani, mrefu, mnyoofu, hamwagi tone. Siku hiyo akapita kwa nyuma kukwepa foleni, akanikuta nimechuchumaa vile nilivyokueleza. Nikafunga gauni haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho unachomwaga ni nini?"

Nikasema ni maziwa. Akatua ndoo chini. Akaangalia jivu, akaangalia chupa yangu tupu, akanitazama usoni.

"Kwa hiyo unamwaga ya mtoto wako," akasema, "halafu unataka nikuuzie ya ndama."

Nikamweleza yote, mashine na kutikisika na kuganda. Nilitegemea atanionea huruma. Mama yule alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi nasuka maziwa tangu sijaota meno ya ukubwani," akasema. "Maziwa yanaganda kwa kukaa chomboni, mwanangu, kisha ndiyo unayasuka upate siagi. Ya kwenye kiwele hayagandi. Ng'ombe zetu zimetembea kutoka Shinyanga mpaka huku, zimepanda milima, zimekimbizwa na simba, jioni tunazikamua, maziwa ni maziwa. Kama kutikiswa kungegandisha, sisi tungefika Rukwa tunakamua siagi!"

Kisha kicheko kikamwishia. Nikamnyooshea chupa, maana niliona muda unakwenda na mtoto ana njaa nyumbani. Hakuipokea.

"Sikuuzii," akasema. "Leo sikuuzii wala kesho. Ng'ombe asipokamuliwa vizuri na ndama asiponyonya, anakata maziwa. Na wewe unakata. Unafunga kazi saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Nitakusubiri. Tutaenda wote kwa mama mkwe wako."

Alinisubiri kweli, ndoo imeshakuwa tupu, amekaa juu ya gunia la pumba anazungumza na wateja. Mama mkwe alipomwona mgeni na akasikia alichokuja kusema, uso ukabadilika. Akamkaribisha kiti, akampa na maji, adabu zote, halafu akauliza, "Watoto wa watu nao mnawalea kama ndama?"

Mama Masanja hakukasirika. "Mama," akasema, "mimi sikuja kubishana. Nimekuja kuomba kikombe."

Akaomba na maji ya moto akakisuuza. Akaniambia ninawe mikono, nikae, nijikande kwa kitambaa cha uvuguvugu. Akanionyesha palepale mbele ya mama mkwe: kidole gumba juu, vingine chini, mbali kidogo na chuchu, unasukuma kuelekea kifuani, unabana, unaachia. "Usivute chuchu," akanikemea. "Hata ng'ombe mpole ukimvuta hivyo anakupiga teke." Nikakamua. Yakatoka kidogo, ya kufunika kitako cha kikombe tu, lakini yalikuwa ya kutwa nzima, yametikiswa na mashine tangu asubuhi.

Akampa mama mkwe kikombe. "Tafuta bonge."

Mama mkwe akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akakiinamisha huku na huku. Akakinusa. Mwisho akachovya ncha ya kidole, akaweka ulimini. Yustina alikuwa analia kwenye mkeka, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumchukua, sote tulikuwa tunautazama mdomo wa bibi yake.

"Ni matamu," akasema.

Kisha akaniuliza, na sauti yake sijaisahau, "Na yale mengine yote tuliyoyamwaga?"

Nikamchukua mtoto nikamweka titi, naye mama mkwe akaketi chini mkekani karibu yangu, akaweka kiganja chake kwenye unyayo wa Yustina, akakiacha hapo mpaka mtoto aliposinzia.

Kuanzia kesho yake tukapanga upya. Alfajiri nanyonyesha, kisha nakamulia kwenye kikombe kilichochemshwa, nafunika kwa kisahani, nakiweka kwenye beseni la maji ya baridi kivulini. Kabla ya saa nne mama mkwe ameshampa mtoto kwa kikombe, taratibu, bila chupa ya chuchu, na yaliyobaki hayawekwi. Saa sita ananiletea mtoto mashineni kama zamani. Nikimaliza kumnyonyesha nakamua tena ya mama mkwe kwenda nayo nyumbani. Usiku ananyonya atakavyo. Ng'ombe na uji tukaviweka kando mpaka afikishe miezi sita. Nilirudi kliniki nikamwambia nesi ukweli, akanigombeza kidogo, akasema yule mama amenifundisha vizuri.

Kwa tajiri, yule mwenye mashine, ilibidi niende mwenyewe. Nikamwambia naomba robo saa mchana na chumba cha magunia, mlango ufungwe, nikamue maziwa ya mtoto. Mzee wa watu akaanza kukagua mkanda wa mashine kama vile umekatika. "Chukua, chukua," akasema, "ila usinieleze zaidi." Wiki nzima niliogopa kumwomba, na jambo lenyewe lilikwisha kabla sijavuta pumzi.

Siku za kwanza nilikata tamaa, maana yalikuwa machache. Mama mkwe ndiye aliyenikazania. Yeye aliyesema yamekauka sasa ndiye anayenikandia kitambaa na kunipa supu ya maharage. Wiki ya pili nikiwa kwenye foleni napokea debe la mtu, nikasikia gauni limelowa. Nikapiga kelele ya furaha, mteja akadhani nimeumia. Mwisho wa mwezi ukafika, hakuna aliyeshuka Ilemba. Kadi ikarudi kijani.

Na Mama Masanja aliendelea kupita kila siku na ndoo yake. Mimi hakuniuzia tena, lakini hakukosa kuchungulia dirishani na kuuliza mbele ya foleni nzima, "Ng'ombe wangu huyu anaendeleaje?" Yustina alipotimiza miezi sita, Mama Masanja mwenyewe alinyoosha mkono dirishani akaichukua ile chupa yangu, akaijaza. "Sasa nakuuzia," akasema.

Ndiyo hayo, mwanangu. Yustina huyohuyo sasa ana watoto watatu na ananishinda uzito.

Sasa sikiliza ninachotaka uondoke nacho. Anza kukamua kabla ya siku ya kurudi kazini, mikono izoee. Nenda kwa mkubwa wako wa kazi ukamwombe muda na mahali, usisubiri uone aibu imekwisha, haiishi yenyewe. Ofisini kwenu mna friji, mimi nilikuwa na beseni, usitafute sababu. Yakipungua usiogope, mweke mtoto titini mara nyingi zaidi, na uende kliniki ukaseme kweli. Anayekulelea nyumbani muonyeshe, mkae mfanye pamoja, maana atakuwa ndiye mikono yako kutwa nzima. Na ukiambiwa jambo ambalo macho yako yanakuonyesha sivyo, hata kama aliyesema ni mimi, uliza. Uliza kwa adabu, lakini uliza siku hiyohiyo. Mimi nilikaa kimya nikakiita heshima, na kilikuwa woga, na mtoto ndiye aliyekonda.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie kifua kisichopungukiwa na mtoto wa mashavu mazito. Akupe bosi mwenye haya kama tajiri wangu na bibi wa kuonja kikombe bila kiburi. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, akuletee mtu wa kukuambia usoni, "Sikuuzii." Haya, nipe huyo mtoto nimshike, nawe ukanawe mikono. Kikombe kiko pale.