Mwezi wa Tisa Wangu wa Kwanza Kasongo

Mimi nilikuwa mtu wa kuchukia mvua, nasema ukweli. Huko Salamabila, nilikopikia wachimba dhahabu miaka na miaka, mvua ilikuwa hasara tupu. Kuni hazishiki, tope linaingia mpaka chini ya meza, wateja wanabaki kwenye mahema yao, na bugali wangu unapoa bila mlaji. Nikisikia ngurumo, natukana. Leo wakiniona hapa nimesimama uani kichwa wazi, nanusa udongo na kucheka peke yangu, waliokuwa wananijua hawawezi kuamini. Kosa si langu. Kosa ni la Kasongo.

Nilifika mwishoni mwa mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kimechoka. Binti yangu, kitinda mimba, alikuwa amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu hapa, na mjini hatukuwa na ndugu hata mmoja. Baba yake alishatangulia zamani. Tukaja kwa moto, yaani pikipiki ya abiria, tukalala Wamaza, tukafika hapa tumekuwa wekundu kwa vumbi mpaka kope. Nikapanga vyumba viwili katika uwanja wa nyumba moja ya matofali ya zamani. Mpango wangu ulikuwa umenyooka: nimkalishe mtoto, ajue soko, ajue njia, halafu mwezi wa kumi na moja nirudi Salamabila kwenye kibanda changu. Mahali pale kando ya njia ya wachimbaji nilipapata kwa kugombana, na sikuwa na pengine pa kula duniani. Nilimwachia mwenzangu mmoja anitunzie.

Basi nikaanza kuhesabika kama mpangaji. Na huku nasubiri siku zangu ziishe, mji ukaanza kunichokoza.

Kwanza zile asubuhi. Kule machimboni asubuhi ni mashine na matusi. Hapa nilikuwa naamka na baridi kidogo, naweka kikwembe cha pili mabegani, natoka nje. Moshi wa mashamba wanayochoma nje ya mji umelala chini chini, na jua linatoka jekundu, unaweza kulitazama bila kufumba macho. Adhana imeshapita, kengele ya kanisa inapiga, na katika kila uwanja unasikia fagio. Watu wa Kasongo wanafagia, jamani! Wanafagia udongo mpaka unaona mistari ya fagio, na mtu anaona haya kuikanyaga. Mimi mwanzoni nilikuwa nazunguka pembeni, wakanicheka.

Halafu wanafunzi. Kuanzia katikati ya mwezi wa tisa walianza kurudi, kutoka Kabambare, kutoka Kibombo, kutoka vijiji ambavyo hata sikuvijua. Unaona moto inakuja, juu yake godoro, juu ya godoro ndoo, katikati ya hayo yote kuna msichana ameshika kuku. Jioni barabara kubwa ilijaa wao, wamevaa mashati meupe, wanabishana mambo ya sheria na ya kilimo kwa sauti kubwa kama watu wenye mali. Mi sikusoma mbali. Lakini nilipenda kukaa barazani na kuwasikiliza wakipita. Huko nilikotoka, vijana wa umri ule nilikuwa nawaona wakitoka shimoni wamepakwa udongo mpaka ulimini, na mazungumzo yao ni gramu tu. Hawa walikuwa wananoga.

Jirani yangu, mwenye uwanja ule, alikuwa mama wa Kiislamu wa rika langu, mjane kama mimi, ana duka dogo la chumvi na sabuni mbele ya nyumba, na shamba la mpunga nje ya mji. Wazee wake ni watu wa hapa hapa tangu biashara zile za zamani za Waarabu, na anatembea kwa utulivu wa mtu asiyefukuzwa na yeyote. Asubuhi ananipitishia kikombe cha kahawa ya tangawizi juu ya ukuta wa miti uliotenga upande wake na wangu. Ananiita "mama wa Salamabila." Alikuwa na ulimi huyo! Siku ya kwanza alionja sombe yangu ya majani ya muhogo, akasema, "Aksanti, mama. Wachimbaji wako bado wazima?"

Tulipatana, basi. Ndiyo maana nilikasirika sana siku ya mbegu.

Ilikuwa hivi. Niliona kila mtu anatayarisha mbegu ya mpunga: wanaianika kwenye mikeka, wanapepeta, wanatupa zile nyepesi. Nyuma ya vyumba vyangu kulikuwa na kipande cha ardhi kimekaa bure. Nikatamani. Maisha yangu yote ya Salamabila sikupanda hata kitunguu, kwa sababu kule hakuna anayepanda. Leo uko hapa, kesho dhahabu imeonekana mlima mwingine, kibanda kinabomolewa na mabati yanapandishwa kichwani. Nikamwendea jirani na bakuli.

"Nipimie mbegu kidogo, mama. Ninunue, nipande pale nyuma."

Akanitazama. "Unarudi lini kwenu?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Mpunga huu tunakata mwezi wa kwanza, wengine wa pili." Akafunika kikapu chake. "Sisi mbegu tunampa mutu atakayekuwepo siku ya kukata. Ndivyo tulivyokuta. Chumvi unataka?"

Chumvi! Nilirudi nyumbani na bakuli langu tupu, nikamwambia binti yangu watu wa huku wana maringo, wanakunyima hata punje ambazo kuku wanakula bure. Yeye alikuwa anapiga pasi shati lake. Akasema tu, "Ndiyo, mama," akaendelea na kola.

Siku chache baadaye ikaja mvua. Lo! Sitaisahau. Ilikuwa mchana, joto limekaa juu ya watu, hakuna jani linalotikisika. Kukawa giza upande wa mto, upepo ukainua vumbi lote la mji, madirisha yakapigwa, na matone ya kwanza yakaanguka mazito, moja hapa, moja pale. Harufu ile iliyotoka chini, siwezi kuwaeleza. Harufu ya chungu kipya kilichotiwa maji. Watu hawakukimbia ndani! Walitoka. Jirani yangu alitoka na kilemba chake, akafungua mikono, akasema alhamdulilahi, wanafunzi kwenye nyumba ya pili wakapiga kelele, na mimi, mimi mtukana mvua, nikajikuta nimesimama katikati ya uwanja nimelowa mpaka mifupa. Ilipokatika, kumbikumbi wakatoka ardhini kwa maelfu. Tuliwakusanya kwenye mabeseni, tukawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo, tukala uwanja mzima kutoka sinia moja. Niliona raha, raha ya kweli, na nikashangaa ilikuwa wapi siku zote.

Kesho yake bado nilikuwa na kiburi changu. Nikaenda sokoni, nikanunua mahindi, hayo hayana masharti. Nikachimba kile kipande cha nyuma, nikapanda mistari yangu mizuri. Niliona jirani ananichungulia juu ya ukuta, hasemi kitu. Nikadhani ana wivu.

Kumbe mvua ile ilikuwa ya kufuta vumbi tu. Kila mtu wa Kasongo anaijua. Inakuja, inafurahisha watu, halafu inaondoka, na jua linarudi na hasira mara mbili. Wenyeji wanaiangalia, wanakula kumbikumbi wake, wanangoja. Mgeni peke yake ndiye anayekimbilia jembe. Mahindi yangu yakaota, vijani viwili viwili, nikayapenda, halafu yakaanza kujikunja. Nikawa nayapelekea maji ya kuoshea vyombo. Asubuhi na mapema, kabla watu hawajaamka vizuri, nainama na sufuria yangu, mche hadi mche, naongea nayo. "Vumilia kidogo, baba. Vumilia."

Asubuhi moja nikasikia mtu anacheka nyuma yangu. Si kucheka kwa mdomo, kucheka kwa mbavu. Jirani yangu alikuwa ameshika ukuta ili asianguke.

"Unacheka nini?" nikamwuliza kwa ukali. "Ulijua yatakauka, ukanyamaza!"

"Nilijua," akasema, anajifuta machozi. "Mama, uko unafanya nini hapo?"

"Namwagilia. Huoni?"

"Naona. Mahindi haya yataiva mwezi wa kwanza. Wewe mwezi wa kumi na moja uko kwenye moto, unaenda zako. Sasa ni nani huyu anayebeba maji ya vyombo kumwagilia chakula cha mutu mwingine?"

Niliinama nimalizie mstari, machozi yakanijia, nikaona aibu kulia mbele ya mahindi. Nilikuwa nataka kubaki. Nilikuwa nimetaka tangu zile asubuhi za moshi, na sikuwa nimemwambia mtu, hata mimi mwenyewe.

Jirani aliingia kwake, akarudi na kikombe. Akanipitishia kahawa.

Mvua ya kweli ilikuja mwanzoni mwa mwezi wa kumi, ikanyesha kwa upole siku nzima, ardhi ikanywa mpaka chini. Asubuhi iliyofuata jirani akagonga mlango. "Jembe unalo?" Nikalichukua, nikamfuata. Shambani tulikuwa wanawake wa uwanja na wa nyumba za karibu, tumepanga mstari, wa mbele wanachimba vishimo, wa nyuma wanatia punje na kufunika kwa mguu. Nyasi zilizoungua kiangazi zilikuwa zimeshachipua kijani kibichi juu ya majivu meusi, nikasema hakuna nguo yenye rangi hiyo. Walinitania kutwa nzima juu ya mahindi yangu, yaliyokuwa yamekauka yote. Wakati wa kurudi, jirani aliniambia nishike pindo la kikwembe, akanimiminia mbegu humo mbele ya wote, akasema, "Ya kipande chako cha nyuma." Hakuniuliza nitarudi lini kwetu.

Kesho yake mchana ndipo kijana wa moto akaja. Alikuwa motari, mwendesha moto ninayemjua, anapita njia ile ya Salamabila kila mara. Alinikuta nyuma ya nyumba, magoti kwenye udongo, nimeshapanda nusu ya mbegu.

"Mama, mwenzako amenituma," akasema. "Kuna mtu amekuja, anataka kile kibanda. Mwenzako anasema usipofika wiki hii, hawezi kumzuia tena. Na daraja la miti mbele ya Wamaza limeanza kuguswa na maji. Tukiondoka leo tunapita. Wiki ijayo sijui."

Nilikaa kitako. Nawaambia, si kwamba moyo ulikuwa mwepesi. Kile kibanda kilinilishia mtoto. Kilimleta mpaka mlangoni mwa chuo. Hapa nilikuwa na nini? Vyumba viwili vya kupanga, jirani mwenye ulimi, na kipande cha ardhi ambacho naweza kukivuka kwa kuruka. Na miaka yangu si ya kuanza kuuza mandazi upya. Nilimwambia kijana akanywe chai kwanza. Nikabaki natazama vishimo ambavyo bado havijajazwa, na punje kwenye pindo, zimelowa kidogo na jasho langu.

Nikamaliza kupanda. Nikanawa mikono, nikamfuata pale alipokaa.

"Mwambie mwenzangu akichukue yeye, asimwachie mgeni. Sufuria kubwa tatu aniletee barabara ikikauka. Wanafunzi wa hapa wanakula pia."

"Kweli, mama?"

"Nenda kabla sijabadilika."

Aliondoka. Nilisikiliza ile moto mpaka sauti ikaisha upande wa barabara ya Wamaza.

Binti yangu alirudi kutoka darasani alasiri. Nyuma yake alikuwa na mwenzake, msichana mwembamba kutoka Kabambare, amebeba begi na mkeka uliokunjwa. Wote wawili walisimama mlangoni kama watu waliokutwa. Kumbe walikuwa wamepishana na motari njiani, wakamwona yuko peke yake, wasielewe.

"Huyu nani?" nikauliza.

Binti yangu akatazama chini. "Mama, tulisikia tangu asubuhi kwamba motari wa Salamabila amefika mjini kukuchukua. Nikajua umeshaenda. Nikamwambia aje tukae wote, nisilale peke yangu."

"Ningeenda bila kukuaga?"

"Sikujua." Akashika kola yake. "Mimi tangu tufike nilikuwa najizoesha. Nilikuwa naogopa kukuuliza utaenda lini, kwa sababu ungenijibu."

Lile shati lake jeupe, zile kola alizokuwa ananyoosha usiku na mchana bila kunitazama usoni, mie nilidhani ni masomo. Mtoto wangu alikuwa anajifunza kuachwa, chini ya paa moja na mimi, na mimi niko nje nabembeleza mahindi.

Nilimshika nikamkumbatia hapo hapo mlangoni, udongo wote ukahamia kwenye shati. Kisha nikamwambia yule msichana wa Kabambare aweke begi lake chini, kuna nafasi, tutalala watatu.