Ami Esfandiar Alivyokataa Dawa kwa Adabu

"Seli zako zinatunzwa kuliko wewe," Turan alikuwa anafoka. "Zina joto lake, zina chakula chake, dawa zinapewa. Wewe kijiko kinakudondoka, na dawa umeikataa."

"Sijaikataa," mumewe alisema. Ulimi umeshakuwa mzito, ikabidi arudie.

Huyo ni ami yangu Esfandiar, mfua shaba wa hapa Isfahan. Ugonjwa ulimwanzia mkono wa nyundo: neva zinazoamuru misuli zinakufa moja moja. Kule maabara walimtoa kipande cha ngozi, wakazirudisha seli zake utotoni zikawa seli shina, halafu wakazikuza ziwe neva. Nazo zikaanza kufa kwenye kisahani, vilevile kama mwilini mwake. Wakazijaribia dawa hii na ile mpaka moja ikazishika. Hazikufa tena.

Basi daktari Golnush wa maabara hiyo akampigia: wanatafuta wagonjwa wachache wa kuijaribu dawa ile, je, angependa kuwemo? Ami akajibu kama mtu yeyote wa hapa aliyelelewa vizuri: hapana, msijisumbue, wapeni vijana, mimi nani. Kwetu hapo mtu anakuwa bado hajajibu. Unamuuliza tena, anakataa tena, unamsihi, ndipo anakubali. Hata chai anainywa hivyohivyo. Lakini maabara wana sheria yao: mgonjwa akisema hapana, marufuku kumbembeleza, utakuwa umemlazimisha. Golnush akashukuru, akakata simu.

"Mpigie useme nataka," Turan akamwambia. "Neno moja tu."

"Mimi si ombaomba."

"Ombaomba angekuwa ameshainywa."

Nikapiga mimi, nikaiweka simu mezani wote tusikie. Golnush akasema nafasi moja bado ipo mpaka leo jioni. Kumuuliza mara ya pili hana ruhusa, ila ami akiwa na la kusema, anamsikiliza.

Ami akaanza kumuuliza hali ya mama yake. Akamwombea mikono yake isiumie, ndivyo tunavyoshukuru hapa. Turan anamfinya bega. Mwisho ndio akasema, "Binti yangu, hiyo nafasi, ikikosa mwenyewe kabisa, basi."

Golnush naye ni wa hapa, anajua hapo ami amekubali. Nilisikia anavuta pumzi kama anataka kusema kitu, akakimeza. Turan akadakia kwamba anataka, huyu anataka. Golnush akasema kwa upole kwamba lazima litoke kinywani mwa mgonjwa mwenyewe.

"Usijisumbue, binti yangu," ami akamwambia, na simu ikaisha.

"Ameelewa," akatuambia.

"Ameelewa nini, ami?" nikamuuliza. "Umemwambia ampe mwingine."

Turan alikuwa ameshageukia ukutani. Ami akajivisha koti, mkono mmoja ukimgomea, akasema kuna mteja anakuja dukani kuchukua samovari, lile birika kubwa la chai, na haifai kumsubirisha mgeni. Akatoka.