Mtambo wa Gesi na Ng'ombe Aliyeenda Kunywa Maji

Niliisikiliza ile sauti mara tatu nikiwa zamu ya ulinzi getini, saa sita mchana, huku Al Qusais, nchi ya Waarabu, jua la Julai likinipiga kisogoni na malori matatu yakisubiri niinue kizuizi. Wakala aliyetuuzia mtambo wa gesi ya samadi alikuwa amenijibu kwa WhatsApp kutoka Kenya, kwa upole wake wa kanisani: "Madam, mtambo wa mama hauna shida yoyote. Shida ni baridi. Hii baridi ya Julai, gesi inalala. Tuvumilie mpaka Januari, jua likitoka mtaona moto."

Mtambo nilionunua kwa sababu ya baridi haufanyi kazi kwa sababu ya baridi.

Dereva wa kwanza akapiga honi. Msimamizi akatoka ofisini akipunga mkono, "Yalla, yalla, fungua." Sikufungua. Nilibonyeza pale pa kurekodi nikamwambia yule wakala maneno ya Kikuyu ambayo siwezi kuyaandika hapa, yote, hadi yakaisha, ndipo nikainua kizuizi. Nikapewa barua ya onyo. Sikuibishia.

Kwetu ni Kinangop. Hapa ukisema kwenu kuna baridi wanadhani unatania, kwani wewe si Mwafrika? Lakini asubuhi za Julai unakuta umande umeganda kwenye majani ya viazi, na nyumba yetu ni ya mbao na mabati. Humo ndimo binti yangu wa miaka mitatu analala na mama yangu. Mama huwasha jiko la makaa chumbani mpaka kitanda kipate joto, kisha analitoa nje, kwa sababu kila mtu kwetu anajua nyumba ambayo watu walilala nalo na hawakuamka. Likitoka, baridi inarudi. Likirudi, moshi. Mtoto anakohoa mpaka anatapika. Daktari wa zahanati alimwambia mama aondoe moshi na aondoe baridi, vyote viwili, utadhani vinaondolewa kwa ufagio.

Hita ya stima tulijaribu. Ilimaliza tokeni za umeme za wiki kwa siku mbili. Ndipo huyo wakala akaingia kwenye kundi letu la WhatsApp la Wakenya wa huku, ambako kila mtu anauza kitu, ploti, kuku, mpaka bima ya mazishi. Akatuma video: mama mmoja anapika chapati kwa moto wa buluu, na juu yake kinaning'inia kihita chekundu kama jua la jioni. Hakuna moshi. Hakuna kukata mti. Ng'ombe wawili wanatosha, alisema.

Mama alikuwa na ng'ombe wawili. Niliona kama Mungu mwenyewe alinihesabia.

Mimi ningelipa sehemu kubwa, kidogo kidogo. Iliyobaki waliita mchango wa familia. Nilidhani ni mawe, mchanga na nguvu za kuchimba shimo. Sikuuliza, na mama hakusema. Huo ndio ugonjwa wetu. Mimi simwambii kwamba tunalala wanane chumba kimoja huku Muhaisnah, na yeye haniambii chochote kinachoweza kunifanya nilie kazini.

Mtambo ukajengwa. Majirani wakatuchangia samadi ya kujazia mara ya kwanza, mkokoteni baada ya mkokoteni. Moto ukawaka. Niliuona kwenye simu nikiwa ndani ya basi la kampuni nikapiga vigelegele, basi zima likageuka kunitazama. Wiki chache tu. Kisha ukaanza kupungua, ukabaki wa kuchemsha chai ya kikombe kimoja. Kihita chenyewe, kumbe ni kile cha kupashia vifaranga joto.

Nikawa nampigia mama. "Nionyeshe ng'ombe." Anaelekeza simu kwa yule mwenye paji jeupe.

"Na mweusi?"

"Ameenda kunywa maji, mami."

Wiki iliyofuata, ameenda kunywa maji. Mwezi uliofuata, maji.

"Mama, huyo ng'ombe anakunywa mto mzima?"

Akacheka, akacheka sana. Ni binti yangu aliyesema, kutoka nyuma ya bibi yake: "Shosho aliuza."

Ndipo mama akakiri: alimuuza mweusi, yule wa maziwa, alipe mchango wa familia. Na mnunuzi aliletwa na wakala. Mtu anayejua mtambo unataka ng'ombe wawili alisimama uani kwetu akamtazama mmoja akipandishwa kwenye pikapu. Tangu siku hiyo nimempigia wakala, nimemwandikia, nimembembeleza, na kila mara ana jibu. Mara samadi ni kavu. Mara mama hakorogi vizuri. Sasa ni Julai.

Siku ile ya barua ya onyo nilimsimulia mwenzangu wa zamu, mwanamke wa Unguja, tukiwa kwenye basi la kurudi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shoga, yaani mmeuza ng'ombe ili mpate mavi?"

Nilitaka kumpiga. Nikacheka. Halafu nikaanza kulia na sikuweza kuacha.

"Khalas, basi, usinililie miye," akasema. "Miye sikumla. Waandikie wenyewe waliokuuzia."

Kampuni ya mtambo ina fomu ya malalamiko mtandaoni. Inakutaka uchague: kifaa kimeharibika, malipo, au mengineyo. Nikachagua mengineyo. Sidhani kama kuna mtu anazisoma. Niliandika hivi:

"Mimi ni binti wa mteja wenu wa Kinangop. Mlimuuzia mama yangu mtambo wa ng'ombe wawili, na wakala wenu akamletea mtu wa kumnunua mmoja. Alijua. Kihita mlichotuletea ni cha vifaranga. Mtoto wangu si kifaranga. Makaa yamerudi chumbani na kikohozi kimerudi. Msiniambie tena habari ya Januari. Naomba mlete ng'ombe wa maziwa kama yule aliyeuzwa, au mje mng'oe mtambo wenu na mfukie shimo, kwa sababu mtoto anacheza karibu nalo. Mkija, msipige honi getini. Analala mchana, kwa kuwa usiku halali."