Leso Iliyofukizwa Udi

Wako watu huumbwa na pua ya kuwatesa, na Bi Thuwaiba alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Langoni, penye punda na mifereji, akawa muuguzi, akaosha vidonda na matapishi ya watu miaka nenda miaka rudi bila kuziba pua. Harufu iliyomtia kichefuchefu ilikuwa moja tu: ya watu wasafi.

Kimashine kililetwa zahanati na boti ya wakubwa. Kidogo, cha kutia kwapani. Pamba iliyopangusa mwili au nguo ya mwanamke aliyebakwa hutiwa humo, nacho papo hapo huonyesha kama pana mbegu za mwanamume, ili maabara ya Mombasa ijue cha kupima. Wakubwa walikata utepe, wakapiga picha, wakala pilau, wakatuachia mifupa. Bwana Hussam, mkuu wa zahanati, akakifunika kitambaa kama biarusi na kukifungia kabatini, kisije kikaharibika kwa kutumiwa.

Kikamngoja Nadra.

Nadra alikuwa akidarizi kofia. Alipeleka kazi yake kwa Fahmi, mwenye duka na msimamizi wa mchango wa mazulia ya msikiti, mtu wa tasbihi ndefu. Fahmi akafunga mlango. Nadra alipochopoka, leso aliyojitanda ilibaki ndani.

Alipofika zahanati, shangazi yake, Bi Radhiya, alikuwa ameshamsugua kwa sabuni na unga wa liwa mpaka ngozi imewiva.

"Ningemwacha na uchafu wa yule hayawani?" shangazi akalia. "Mtu hakai na janaba!"

Thuwaiba alimpokonya Hussam ufunguo, akapima. Kimashine hakikuonyesha kitu.

"Hakikusema hukubakwa," alimwambia Nadra. "Kimesema maji yamepita."

Lubna, askari aliyeshika kesi, hakumficha: pasipo kitu cha kupeleka maabara, faili litalala. Nadra akajifunika uso, akasema hatatoka tena nyumbani.

Hussam naye, ambaye kahawa ya Fahmi haikumpita, aliropoka barazani. Kufika alasiri mji mzima ulikuwa na fatwa: mashine imemtakasa Fahmi! Watu wasiomwamini daktari hata akisema wana homa, leo walikuwa mashahidi wa sayansi. Fahmi akapishwa safu ya mbele msikitini, akakohoa kwa unyenyekevu. Thuwaiba alipopita, wakamsalimu kwa adabu. Alitema mate mtaroni, na mtaro ndio aliouonea haya.

Siku ya pili alikwenda kumtazama Nadra. Hajakaa vizuri, mlangoni pakabishwa hodi: Bi Alawiya wa Mkomani, mtaa wa mabwana, mamake Fahmi, na sahani ya halwa. Udi ulitangulia, yeye akafuata.

"Mashine imeshasema, fitina na ife," alisema akiketi. "Maneno ya watu hayana ndia ya kuingia nyumbani kwetu. Na leso yako hii, Nadra, uliisahau kwa mwanangu. Aliniambia niitupe. Nikamwambia, mali ya mtu hutupwa? Sisi tunachunga amana."

Akaitoa mkobani na kuiweka juu ya jamvi. Bi Radhiya alifungua mdomo kutukana. Thuwaiba akamfinya.

"Umeifua, Bi Alawiya?"

"Niifue leso mpya ichuje, kesho mseme tumeiharibu? Nimeifukiza udi. Udi wenyewe, si vijiti vyenu vya dukani."

"Ahsante, mama. Usingeweza kufanya bora zaidi."

Thuwaiba alivaa glavu, akaitia leso kwenye mfuko wa karatasi. Hapo ndipo alipoziba pua. Nyumba nzima ilikuwa imeinukiza leso mpaka nyuzi zake, na mwenye leso hakuna aliyemuuliza hali.

"Naona unaifunga vizuri," alisema Bi Alawiya, ameridhika.

"Vizuri sana. Mashahidi ni sisi sote."

Lubna aliitwa, akapokea mfuko, wakaenda zahanati pamoja. Moshi wa udi hunukisha, haufui. Safari hii kimashine kiliwaka bila kusita: mbegu zipo. Ni za nani, Mombasa itasema.

Hussam akaja mbio. "Mmekitumia tena? Wafadhili waja wiki hii, watakikuta si kipya!"

"Waambie kimeingiliwa na kazi, bwana. Watakupa pole."

Bi Alawiya alipopata habari alipiga kelele barazani kuwa ameibiwa amana. Fahmi hakuonekana msikitini magharibi. Lubna alikuwa ameshamkaribisha kituoni.

Thuwaiba alirudi kwa Nadra. Halwa ilikuwa pale pale, imeota sisimizi.

"Hiyo leso nitarudishiwa?" Nadra aliuliza.

"Labda kesi ikimalizika."

"Siitaki." Akaufunua uso. "Lakini siku ya kesi nipitie, Bi Thuwaiba. Nataka kukaa mbele."