Siku Nilipoingia Shuleni na Ng'ombe wa Kitongoji Kizima

Kwetu Nambis ng'ombe huchungwa kwa zamu. Majirani tunachanganya mifugo, na zamu ikiwa ya nyumba yenu, asubuhi ng'ombe wote wanaletwa kwenu. Nyumbani mchungaji alikuwa mimi, msichana wa darasa la saba. Kila zamu ilinikosesha shule siku nzima. Hesabu za sehemu nilijifunza kwa daftari la rafiki, nikichora vumbini kwa fimbo.

Basi zamu ikaangukia siku ya mtihani wa mwisho. Nilimwambia baba wiki nzima kabla. Akasema, "Ng'ombe hawajui mtihani," na siku yenyewe akaenda zake mnadani. Mama alikuwa na mtoto wa siku nne, hatoki nje. Unadhani nililia? Wapi! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto.

Ng'ombe walipofika, nikavaa sare, nikachukua fimbo, nikawaswaga wote moja kwa moja hadi shuleni.

Mwalimu wetu, mtu wa Tanga aliyeogopa hata ndama, alitoka mbio. "Mungu wangu! Nini tena hii?"

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja kufanya mtihani. Hawa ni zamu yetu."

Watoto walicheka, we acha tu! Dume moja likaanza kula maua ya ofisini. Mwalimu akampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, na muda si mrefu wenye ng'ombe wakaja, wamenuna. Mbele yao alikuwa bibi jirani yetu, mkali kuliko wote. Alinitazama kuanzia sare hadi fimbo. Nikajua nimekwisha.

Akaninyang'anya fimbo, akawageukia wenzake. "Mnashangaa nini? Maziwa tunywe sisi, shule akose yeye? Ingia ndani, binti. Leo nachunga mimi."

Nikaingia mbio. Hesabu za sehemu zilikuwepo, tena nyingi, na nilizimaliza zote.

Nilifaulu! Siku ya kwanza ya kidato cha kwanza ilikuwa zamu yetu tena. Njiani nikakutana na kundi lote, na nyuma yake baba, fimbo begani.

"Shikamoo baba. Ng'ombe hawajui mtihani, eti?"

Akacheka mpaka akasimama. "Hawajui. Ila baba yako sasa anajua. Haya, kimbia, utachelewa."